Ufa Kwenye Mshono: Kutafuta na Kutengeneza Nyufa za Uchovu Kwenye Madaraja ya Chuma

Ufa ukionekana kwenye boriti ya daraja, mtu wa kwanza kuitwa ni fundi wa kuchomelea. Anakuja na jenereta, grainda na pakiti ya rodi, anaufunika ufa kwa mshono mpya wa kuchomelea, anapaka rangi na kuondoka. Baada ya msimu mmoja au miwili ya mvua ufa umerudi palepale, na safari hii ni mrefu zaidi. Fundi hakuwa mzembe. Alitibu jeraha, na kilichojeruhi kikaachwa kiendelee na kazi yake.

Mwongozo huu ni wa wahandisi wa wilaya, mafundi na wakaguzi wanaotunza madaraja ya chuma ya Tabora na Kigoma, kuanzia yale ya mito mikubwa kama Malagarasi na Ugalla hadi vijito vya barabara za vijijini. Umepangwa kwa dalili: unachokiona, kinachokisababisha, na cha kufanya.

Ufa wa uchovu ni nini

Meli ya Liemba, iliyounganishwa Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915, imeshikwa kwa ribiti, yaani pini za chuma zinazopondwa vichwa pande zote mbili, na ndivyo yalivyojengwa madaraja ya chuma ya zama hizo. Ribiti zina faida moja iliyosahaulika: ufa ukianza kwenye bamba moja, unafika ukingoni na kukoma, kwa kuwa bamba la pili ni kipande kingine cha chuma. Boriti iliyolehemiwa haina ukingo huo. Flanji (bamba la mlalo la juu au la chini ya boriti), bamba la wima na vibamba vya kukaza vimekuwa mwili mmoja, na ufa unaweza kusafiri kutoka kwenye kishikizo kidogo cha pembeni hadi kuikata boriti nzima.

Kinachoanzisha ufa wa uchovu ni kupanda na kushuka kwa mkazo kila lori linapopita, yaani mpishano wa mkazo. Uzito wa daraja lenyewe hauna neno hapa kwa sababu haubadiliki. Mshono nao una matatizo yake ya kuzaliwa. Unapopoa hujikunja, na chuma kinachouzunguka hubaki kimevutwa karibu na kikomo chake hata kama daraja ni tupu. Isitoshe, kwenye mguu wa mshono, pale unapokutana na bamba, daima kuna vijipasuo na uchafu mdogo usioonekana kwa macho. Ndiyo maana kununua chuma chenye nguvu zaidi hakuongezi maisha ya mshono. Kinachoongeza maisha ni umbo zuri la kiungo na mpishano mdogo wa mkazo.

Madhara hukua kwa mchemraba wa mpishano huo. Chukua ncha ya bamba la nyongeza, yaani bamba la pili lililolehemiwa kwenye flanji, ambayo katika kanuni za Ulaya inaweza kuwekwa daraja la 45: maana yake, kwa mpishano wa megapaskali 45 (kipimo cha mkazo) kiungo kinahesabiwa kustahimili mizunguko 2,000,000. Mpishano ukiwa 60, mizunguko inashuka hadi 840,000 hivi. Kwa malori mazito 400 kwa siku, hiyo ni chini kidogo ya miaka sita. Sasa ongeza mzigo ili mpishano ufike 72, yaani asilimia 20 tu, na maisha yanashuka hadi miaka mitatu na miezi michache. Hiyo ni hesabu ya usanifu yenye akiba ndani yake, kwa hiyo usiisome kama tarehe ya kuvunjika. Lakini inaeleza kwa nini mizani ni chombo cha kulinda madaraja sawasawa na brashi ya rangi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne na tani 56 kwa gari zima. Lori la tumbaku kutoka Urambo au la saruji linaloelekea Burundi likizidisha, deni linaandikwa kwenye mishono.

Kabla ya kusema umeona ufa

Mwaka 2021 daraja kubwa la barabara juu ya mto Mississippi huko Memphis, Marekani, lilifungwa baada ya boriti yake kukutwa imekatika karibu yote. Picha zilizopigwa miaka ya nyuma zilionyesha kuwa ufa ulikuwepo tayari. Wakaguzi walikuwa wamepita, ila hawakulitazama eneo lile kwa umbali wa mkono. Ukaguzi wa nyufa hauwezi kufanywa kutoka ng'ambo ya mto kwa darubini. Jicho liwe ndani ya sentimita 60 kutoka kwenye mshono, na tochi iangaze kutoka ubavuni ili ukingo wa ufa utupe kivuli. Mwanga wa moja kwa moja huuficha.

Beba tochi kali, kioo cha kukuzia mara 10, kioo kidogo cha kujitazamia chenye mpini wa kuchungulia nyuma ya vibamba, brashi ya waya, thina, matambaa meupe, kalamu ya rangi na kamera. Kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, ndio wakati mzuri: maji yamepungua, jukwaa la kusimamia linajengeka, na chuma ni kikavu.

Ondoa rangi kwa brashi ya waya, kwa dawa ya kuondolea rangi au kwa grainda yenye msasa laini. Usitumie nyundo ya sindano wala kupuliza mchanga kabla ya kipimo, kwa sababu hupondaponda uso wa chuma na kuufunga mdomo wa ufa. Daraja lenye ufa linaweza kutangazwa zima kwa namna hiyo.

Dalili: mstari wa kutu au mpasuko kwenye rangi

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na mara nyingi ni rangi tu iliyozeeka. Tofauti ziko tatu. Mpasuko wa rangi hutangatanga na kugawanyika kama udongo wa mbuga uliokauka, ilhali ufa wa chuma huwa mstari mmoja unaofuata mguu wa mshono au unaoondoka nao kwa mkato. Pili, ufa hai hutoa unga wa kahawia au mweusi, kwa sababu nyuso zake mbili husagana kila gari linapopita. Tatu, ufa hupumua: pakaza mafuta kidogo ya mashine, subiri lori zito, na utaona mafuta yakinyonywa na kurudishwa.

Ukibaki na shaka, tumia rangi ya kupenya. Seti yake ni makopo matatu ya kupuliza: kisafishio, rangi nyekundu na poda nyeupe.

1. Safisha sentimita 10 kila upande wa mshono hadi chuma king'ae, kisha acha kikauke kabisa. Maji yaliyo ndani ya ufa huizuia rangi isiingie.
2. Puliza rangi nyekundu na uiache dakika 10 hadi 30.
3. Futa kwa kitambaa kikavu, halafu kwa kitambaa kilicholoweshwa kisafishio kidogo. Usipulize kisafishio moja kwa moja kwenye chuma, kitaitoa rangi hadi ndani ya ufa.
4. Puliza tabaka jepesi la poda na usubiri dakika 10 au zaidi. Ufa utajichora kwa mstari mwekundu.

Vifaa vingi vya aina hii vimekusudiwa chuma chenye joto lisilozidi nyuzi 50 hivi. Boriti iliyo juani Tabora mwezi Oktoba inaweza kupita hapo kufikia mchana, na rangi hukaukia juu kabla haijapenya. Fanya kazi hii kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi. Kama kiganja hakivumilii kukaa juu ya chuma, kipimo hakitaaminika.

Njia bora zaidi, ukiwa na vifaa, ni chembe za sumaku: unga wa chuma unaojikusanya juu ya ufa boriti inapotiwa sumaku. Nira ya sumaku ya umeme wa mkondo geu iweze kuinua kilo 4.5, miguu yake iwe na nafasi ya sentimita 8 hadi 20, na kila eneo lipimwe mara mbili kwa pande zinazokatana, kwa kuwa ufa uliolala sambamba na mistari ya sumaku hauonekani. Njia hii huvumilia tabaka jembamba sana la rangi, na hupata ncha ya ufa kwa usahihi kuliko rangi nyekundu. Ncha ndiyo utakayoihitaji wakati wa kutoboa.

Dalili: ufa kwenye ncha ya bamba la nyongeza

Boriti za zamani ziliongezewa bamba la pili chini ya flanji katikati ya daraja, na bamba hilo likakatwa kabla ya kufika kwenye nguzo. Mkazo uliokuwa ukipita kwenye unene wa mabamba mawili unalazimika kuingia kwenye flanji moja ghafla, tena kwenye mguu wa mshono. Kati ya viungo vyote vya kawaida, hiki ni miongoni mwa vibaya kabisa. Kings Bridge ya Melbourne, Australia, iliyofunguliwa mwaka 1961, ilivunjika Julai 1962 lori la tani 45 hivi likiwa juu yake. Nyufa zilikuwa kwenye mishono ya kukingama kwenye ncha za mabamba ya namna hiyo, na baadhi zilikuwepo kabla daraja halijafunguliwa.

Hapa ufa umekaa kwenye flanji ya mvuto, ile inayovutwa mzigo unapopita, na umekingama njia ya mkazo. Kama umeuona kwa macho, bila kipimo chochote, una urefu wa kutosha kukutia wasiwasi. Zuia malori siku hiyohiyo. Kama daraja limebebwa na boriti mbili tu, lifunge, kwa sababu boriti moja ikikatika ya pili haiwezi kubeba kazi yote.

Tengenezo linaloaminika ni kiraka cha bolti: mabamba juu na chini ya flanji, yakivuka ncha ya bamba la nyongeza kwa urefu wa kutosha kubeba nguvu yote ya flanji hata kama flanji yenyewe imekatika. Usilehemu kiraka. Kiraka kilicholehemiwa kina ncha mbili mpya za aina ileile iliyoleta ufa.

Ikiwa kipimo kinaonyesha hakuna ufa bado, au upo wenye kina kisichozidi milimita 3, mguu wa mshono unaweza kutibiwa kwa kugongwa na nyundo ya hewa yenye ncha ya mviringo, mapito manne hivi, hadi kubaki bonde laini la kina cha nusu milimita. Kugonga hukikandamiza chuma kilichokuwa kimevutwa. Njia nyingine ni kusaga mguu kwa jino la mviringo hadi nusu milimita chini ya kasoro ya mwisho, bila kuzidi milimita 2. Michirizi ya kusaga ielekee upande wa mkazo. Ikikaa kwa kukingama, umechonga mwanzo wa ufa mpya kwa mkono wako.

Dalili: ufa wa mlalo karibu na flanji, au wenye umbo la kwato, mwishoni mwa kibamba cha kukaza

Nyufa nyingi za madaraja ya boriti ziko hapa, na hapa ndipo hukosewa zaidi. Wasanifu wa zamani waliogopa kulehemu kibamba cha kukaza kwenye flanji ya mvuto, wakaacha nafasi ndogo, mara nyingi ya sentimita 2 hadi 5. Fremu inayounganisha boriti mbili imefungwa kwenye kibamba hicho. Lori likipita upande mmoja, boriti moja inashuka kuliko nyingine, fremu inasukuma, na kwa kuwa flanji imeshikwa na sitaha, yaani sakafu ya daraja, haiwezi kufuata. Kitu pekee kinachobaki kujikunja ni ule ukanda mfupi wa bamba la wima ulio kwenye nafasi. Kujikunja kwa sehemu ndogo tu ya milimita kunatosha kuufikisha ukanda huo karibu na kikomo cha chuma.

Dalili zake ni mbili, pamoja au moja moja: ufa wa mlalo kwenye mguu wa mshono unaounganisha bamba la wima na flanji, na ufa uliozunguka mwisho wa kibamba kama alama ya kwato. Tafuta kwanza karibu na nguzo na kwenye fremu zilizopangwa kwa mshazari. Ukipata mmoja, kagua vibamba vyote vya daraja hilo, kwa sababu kosa ni la usanifu na limerudiwa kila mahali.

Habari njema ni kwamba mwanzoni ufa huu unakwenda sambamba na mkazo mkuu wa boriti, kwa hiyo unakupa muda. Habari mbaya ni kwamba ukiachwa hugeuka, unapanda au kushuka, na ukishageuka unakuwa ufa wa kukata boriti. Ufa uliogeuka uhesabu kama ule wa flanji.

Kutoboa tundu kwenye ncha peke yake hakutoshi hapa. Msukumo wa fremu upo palepale, na ufa utaanza tena upande wa pili wa tundu. Lazima uchague moja kati ya mambo mawili. Ama uifunge nafasi iwe ngumu kabisa: chuma cha pembe kinene, milimita 19 au 20, kifungwe kwa bolti za mkazo mkubwa kwenye kibamba na kwenye flanji, bolti zisizopungua mbili kila mguu, nne zikipatikana nafasi. Anglaini ya milimita 8 iliyopo dukani itajikunja pamoja na bamba na haitasaidia chochote. Au ulegeze: ongeza urefu wa nafasi kwa kukata mwisho wa kibamba, au, baada ya mhandisi kupiga hesabu, ondoa fremu zisizohitajika tena kwa kuwa sitaha ya zege imekomaa na inazishika boriti yenyewe. Kulegeza nusunusu kunaongeza mwendo bila kushusha mkazo. Kama huna hesabu, funga.

Dalili: ufa chini ya kitu kilichoongezwa baadaye

Bomba la maji la kijiji, waya wa simu, nguzo ya bango, kipande cha nondo cha kuninginizia taa: mtu alikuja na rodi akakilehemu chini ya boriti kwa sababu ndiko kulikokuwa rahisi. Kishikizo chenye urefu wa zaidi ya sentimita 10 kando ya mkazo kinaishusha boriti hadi daraja la 56 katika kanuni zilezile za Ulaya, ilhali bamba safi linaweza kuwa juu ya 100. Hata tone la mahali fundi alipojaribia rodi yake, lililopoa ghafla na kuwa gumu kama kioo, linatosha kuanzisha ufa.

Ondoa kishikizo kwa kukikata milimita 3 juu ya boriti, kisha saga kilichobaki hadi usawa, michirizi ikielekea urefu wa boriti. Usikivunje kwa nyundo, utang'oa chuma cha flanji. Pima kwa chembe za sumaku. Ufa wa juujuu ukiisha kwa kusaga ndani ya milimita 2, umemaliza kazi. Ukiendelea, fuata sehemu ya kutoboa. Bomba lirudishwe kwa vibano vya bolti vinavyokumbatia flanji.

Dalili: ufa unaorudi baada ya kulehemiwa

Kuna sababu nne, na mara nyingi zote zipo pamoja. Ufa haukuondolewa wote, bali ulifunikwa tu, na mabaki yake yaliyo chini ya mshono mpya ni ufa mkubwa ulio tayari. Au magari yalikuwa yakipita wakati wa kazi, ufa ukifunguka na kujifunga ndani ya chuma kilichoyeyuka. Au chanzo hakikuguswa.

Sababu ya nne ni rodi. Rodi inayouzwa kila duka la vifaa, kuanzia Mwanga, Kigoma, hadi mitaa ya Tabora mjini, ni E6013, ya mageti na madirisha. Ganda lake hubeba haidrojeni nyingi, nayo huingia kwenye chuma na kukipasua saa kadhaa baada ya mshono kupoa. Kwa boriti ya daraja tumia rodi ya haidrojeni ndogo, E7018. Nayo haina faida ikiwa imefunguliwa na kukaa stoo msimu wa mvua. Iokwe kwenye oveni ya rodi kwa nyuzi 260 hadi 430 kwa saa mbili, itunzwe kwenye oveni ndogo isiyopungua nyuzi 120, na ikitolewa itumike ndani ya saa nne. Kuzianika juani au kuziweka kando ya jiko la mkaa hakukaushi haidrojeni.

Dalili: nyufa karibu na beringi au kwenye kona zilizokatwa

Angalia beringi kwanza, yaani kikalio cha boriti juu ya nguzo. Boriti ya mita 30 hurefuka milimita 11 hivi joto lake likipanda nyuzi 30. Beringi ikiwa imejaa mchanga na kutu haitelezi, na nguvu hiyo inaishia kwenye mshono wa bamba la kukalia. Kwa Uvinza na njia zake ongeza jambo moja: magunia ya chumvi hudondosha maji ya chumvi kwenye maungio ya sitaha, na ufa unaolowa chumvi hukua haraka kuliko mkavu. Safisha, inua kwa jeki, tengeneza beringi, ziba ungio la sitaha, ndipo ugeukie ufa.

Kona zilizokatwa kwa gesi bila mviringo zina chanzo kimoja tu: ukali wa kona. Saga hadi upate mviringo wa milimita 25 au zaidi na ung'arishe alama zote za gesi.

Dalili: nyufa kwenye daraja la paneli

Madaraja ya paneli yanayofungwa kwa pini, yale yanayoletwa haraka mvua inapozoa kalvati, yana kanuni fupi. Kagua upau wa chini wa kila paneli, hasa mishono ya matundu ya vyuma vya mshazari na maeneo ya pini, ukianzia paneli za katikati. Paneli yenye ufa itolewe na kubadilishwa. Isilehemiwe shambani, kwa kuwa chuma chake ni cha nguvu nyingi na mshono wa barabarani hukiharibu. Paneli zilizotumika muda mrefu katikati ya daraja zisirudishwe katikati kwenye daraja linalofuata.

Kutoboa tundu la kuzuia ufa

Ncha ya ufa ni kali kupita kisu, na ukali huo ndio unaousukuma. Tundu linaigeuza ncha kuwa mviringo. Limekuwa likifanywa kwa drili ya milimita 12 kwa kuwa ndiyo iliyopo kwenye sanduku, na hilo ndilo kosa. Tundu dogo huvukwa na ufa. Tumia milimita 50 hadi 100 penye nafasi, na usishuke chini ya 25.

Tafuta ncha kwa chembe za sumaku pande zote mbili za bamba, kwa sababu upande mmoja unaweza kuwa mbele kuliko mwingine. Weka kitovu cha tundu kwenye ncha iliyo mbele zaidi. Tumia drili ya sumaku yenye kikata cha duara. Gesi ni marufuku. Kikata hutoa kipande cha mviringo: kitazame, ufa uonekane umeishia ndani yake. Kisha pima ukuta wa tundu kwa rangi nyekundu. Mstari ukionekana kwenye ukuta wa mbele, ncha imekukimbia, toboa tena mbele yake. Kwaruza kingo za tundu na uzing'arishe kwa msasa namba 120 hadi mikwaruzo ya kikata iishe.

Tundu la milimita 26 linaweza kujazwa bolti ya M24 ya mkazo mkubwa yenye washa nene pande zote, ikakazwa kikamilifu. Mgandamizo wake hulisaidia tundu. Lakini tundu lililojazwa halikaguliki tena, kwa hiyo matundu makubwa ni bora kuyaacha wazi na kuyapaka rangi ya mwanga ili ufa mpya ujitangaze.

Kiraka cha bolti

Bolti ya M20 (kipenyo cha milimita 20) ya daraja la nguvu la 8.8 inakazwa hadi mvuto wa kilonewtoni 137, na M24 hadi 198. Bolti za kawaida za dukani hazifai. Dai zenye alama ya daraja kichwani na cheti cha kundi lake. Kiraka hushika kwa msuguano wa nyuso, hivyo nyuso zinazokutana zisipakwe rangi ya mafuta. Uso uliopulizwa mchanga unahesabiwa msuguano wa 0.5, uliosuguliwa kwa brashi ya waya 0.3, ulioachwa na ganda lake la kiwandani 0.2. Kwa kazi ileile, uso uliosuguliwa kwa brashi unahitaji bolti mara 1.7 hivi za uso uliopulizwa.

Matundu yatobolewe kwa drili. Kaza bolti zote kwanza hadi mabamba yagusane, ukianzia katikati kwenda nje, weka alama ya kalamu kwenye nati na bolti, kisha zungusha nati nusu mzunguko kama urefu wa bolti ni kati ya mara nne na nane za kipenyo chake, au theluthi kama ni mfupi kuliko hapo. Spana ya kipimo inadanganya nyuzi za bolti zikiwa na vumbi au kutu.

Ikibidi kulehemu

Funga daraja. Chukua kipande cha chuma kipimwe maabara: boriti za zama za ribiti mara nyingi zina fosforasi na salfa nyingi na hazifai kulehemiwa hata kidogo. Toboa ncha za ufa, kisha uchimbe wote kutoka nchani kuelekea katikati, na mfereji uwe na umbo la U. Ukichimba kwa moto wa rodi ya kaboni na hewa, saga angalau milimita 1 ya uso uliobaki. Pima kwa rangi nyekundu hadi mstari utoweke, kisha safisha rangi yote.

Pasha moto sentimita 8 kila upande: si chini ya nyuzi 65 kwa bamba linalozidi milimita 38, na 110 kwa linalozidi milimita 65. Bamba jembamba lenye umande wa asubuhi nalo lipashwe hadi likauke kabisa. Thibitisha kwa chaki ya joto, inayoyeyuka chuma kikifika joto lake. Jaza kwa tabaka nyembamba, ukitoa ganda kila mara, saga mshono hadi usawa wa bamba, na upime tena baada ya saa 48, si jioni ileile, kwa kuwa nyufa za haidrojeni huchelewa.

Baada ya tengenezo, chora alama ya kalamu ya rangi kwenye kila ncha na kila tundu, andika tarehe, piga picha yenye rula ndani yake. Usiweke alama kwa tindo. Rudi baada ya mwezi mmoja, baada ya miezi mitatu, kisha kila mwaka kabla ya mvua za Novemba. Ncha ikivuka alama yake hata kwa milimita 5, rudi kwenye orodha ya dalili na utafute chanzo ulichokikosa kabla hujagusa drili tena.